Mjomba wake dawa ilimkataa. Je, na mwanangu itamkataa?

Assalam aleikum Sista,

Nakuandikia kutoka Arua, kambi ya polisi, mume wangu ndiko anakofanya kazi. Nina watoto watatu, wasichana wawili na huyu kitinda mimba wa kiume ambaye ndiye anayeninyima usingizi. Ana mwaka mmoja na miezi mitano, uzito wake kilo 11.

Alipoanza kutambaa nikaona magoti na mbavu zake zina mabaka meusi meusi. Majirani wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, wakidhani nampiga. Halafu siku moja akaanguka akapasuka kile kinyama cha ndani ya mdomo wa juu. Damu haikumwagika nyingi kwa mara moja, ilichirizika tu, mchana kutwa na usiku kucha, hadi mto ukalowa. Zahanati moja ikamchoma sindano ya paja, na paja nalo likavimba kiasi kwamba suruali haipandi. Mwisho tukapanda basi la usiku mpaka Kampala, tukafika Mulago. Wakampima, wakasema ni hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda, ile kali, faktori 8 inayosaidia damu kuganda iko chini ya asilimia 1.

Sista, nilipolisikia hilo jina nilikaa chini, kwa sababu nalijua. Kaka yangu kule kwetu Koboko anao ugonjwa huo. Utotoni alikuwa anaongezewa damu na plazima, yale maji ya damu, basi, hakukuwa na kingine. Alipokuwa kijana ndipo faktori ya msaada ikaanza kupatikana, na ilimsaidia kweli kweli. Kisha ukafika wakati wanamchoma chupa juu ya chupa na goti halipungui. Daktari akasema ana inhibita, mwili wake unaikataa dawa. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini goti halikunjiki na anatembea kwa fimbo.

Mwanangu ameshapewa faktori mara chache, na kila mara imefanya kazi. Hofu yangu ni siku itakapokataa. Mama mkwe anasema tuache kumpa hovyo, tumwekee akiba ya siku ya damu kubwa, maana mwili ukizoea dawa unaichoka, na mfano anao, kaka yangu. Tena anasema Desemba, watoto wa shemeji zangu wakija likizo, watahiriwe wote pamoja, sherehe moja, gharama moja. Mume wangu yuko kati, leo anakubaliana na mimi, kesho na mama yake.

Jirani yangu naye ameniletea video kwenye simu inayosema wataalamu wa Marekani wamegundua kwamba saladi, yale majani ya kijani, inazuia mwili usikatae faktori. Nimeanza kuinunua sokoni na kumpondea kwenye chakula.

Naomba uniambie ukweli. Hii inhibita inazuilika? Tumpe dawa au tuizuie? Na la mwisho, mdogo wangu wa kike ana mimba ya miezi sita, anaogopa, anauliza afanye nini.

Mama Swaleh,
Arua


Waaleikum salaam Mama Swaleh,

Jibu la swali lako kuu nakupa hapa hapa juu. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba inhibita haitampata, awe daktari wa Kampala au wa London. Lakini yapo mambo yanayoongeza hatari na yapo yanayoipunguza, na mengi yake yanatokea katika siku za mwanzo za dawa, yaani pale pale mwanao alipo sasa. Na hayo mapendekezo mawili ya mama mkwe, kumwekea dawa akiba na kumtahiri Desemba, yote mawili yanamsukuma mtoto upande wa hatari. Namheshimu, ameona kwa macho yake dawa ikishindwa. Ila sababu aliyoitoa siyo.

Mwili wa Swaleh haujawahi kutengeneza faktori 8 inayofaa. Inapoingia kwenye mshipa wake, kinga ya mwili inakutana na kitu isichokijua. Wewe unaishi kambini, unajua kota gadi, ile ya walinzi wa langoni, inavyofanya kazi. Mgeni akifika siku tulivu, akarudi tena kesho kutwa na sura ile ile, askari wanamzoea. Mgeni huyo huyo akitokea usiku wa vurugu, watu wanakimbia na filimbi zinalia, anakamatwa kwanza na maswali baadaye. Mwili uliojaa uvimbe, jeraha, upasuaji au homa kali ni ule usiku wa vurugu. Faktori ikimiminwa kwa wingi wakati huo, siku baada ya siku, uwezekano wa kinga kuiona ni adui unakuwa mkubwa. Hapo mwili unatengeneza kingamwili zinazoishika faktori na kuizima kabla haijagandisha chochote. Kingamwili hizo ndizo inhibita.

Kwa wenye hemofilia A kali, kati ya watu 100 wapatao 25 hadi 30 huipata. Wenye hemofilia B, wale wanaokosa faktori 9, ni wachache zaidi, ila wao wakiipata mara nyingine huja na mzio mkali wa ghafla, kwa hiyo chupa zao za mwanzo zinatakiwa kuchomwa hospitalini. Kwa hemofilia A, inhibita nyingi hujitokeza ndani ya siku 50 za kwanza za dawa, na kilele kiko kwenye 20 za mwanzo. Mtu akishavuka 50, hatari inashuka sana, ingawa haiishi.

Zingatia nimesema siku za dawa, sio siku za kalenda. Siku yoyote aliyopewa kitu chenye faktori 8 inahesabiwa moja, hata kama alichomwa asubuhi na jioni. Na si chupa za unga peke yake. Plazima inahesabiwa, krayo, ile inayotolewa kwenye plazima, inahesabiwa. Hivyo kama kule mlikopita kabla ya Mulago aliwekewa plazima, nayo imo.

Barua yako inasema amepewa "mara chache". Mama Swaleh, hapo ndipo pa kuanzia. Nenda dukani ununue daftari la shule, gumu kidogo, ulivalishe plastiki. Najua unalo daftari la kliniki, sote tunayo, lile ambalo kila daktari anaandika mistari miwili isiyosomeka na kupiga muhuri. Hili ni lako. Andika tarehe, uzito wa mtoto siku hiyo, sababu ya kuchomwa, jina la dawa kama lilivyo kwenye boksi, namba ya toleo, yuniti ngapi, na kama uvimbe ulipungua au haukupungua na baada ya saa ngapi. Chupa nyingi zina kistika kinachobanduka. Mwombe nesi, ukibandike. Zile siku zilizopita rudi uzifuate kwenye kumbukumbu za hospitali mlizopita, usizikisie. Bila hesabu hiyo hakuna daktari atakayejua kama mtoto yuko siku ya 6 au ya 16, na tofauti ya hizo mbili ni kubwa.

Sasa tohara. Kwa mwenye hemofilia kali, kutahiriwa si kukata na kufunga kitambaa. Anahitaji faktori kabla ya kisu na siku kadhaa mfululizo baada yake, ilhali kidonda kiko wazi. Yaani kwa mtoto ambaye bado yuko kwenye siku zake za mwanzo, umechukua kila kitu tunachokiogopa ukakiweka ndani ya wiki moja: upasuaji, dozi kubwa, mfululizo. Tafiti za Ulaya zilizofuatilia watoto wapya zimeona kwamba waliochomwa kwa siku tano au zaidi mfululizo mwanzoni, au waliopewa faktori kwa ajili ya upasuaji, walipata inhibita zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo Desemba hapana. Asubiri avuke siku za mwanzo, apimwe inhibita kwanza, kisha afanyiwe kwenye hospitali yenye wataalamu wa damu na dawa ya kutosha ikiwa tayari mezani kabla hajalazwa. Kwa ngariba, au kambi ya tohara ya bure, kamwe. Mwende na mumeo kwa sheikh mkamweleze kwamba damu ya mtoto haigandi. Sidhani kama mtapata wa kuwalazimisha Desemba, na neno lake mama mkwe atalisikia kuliko langu.

Akitokwa damu kweli, hilo ni jambo jingine kabisa. Kichwa kimegongwa, anatapika, amelegea, shingo au koo limevimba, tumbo linauma: anachomwa faktori mara moja, dozi kamili, na habari za inhibita zinakaa pembeni. Damu ya kichwani inaua, na isipoua inalemaza. Mtoto mwenye inhibita bado yuko hai na ana njia. Ukiniuliza nichague, sitafikiri mara mbili.

Kuhusu akiba, hivi ndivyo inavyokwenda. Ukimnyima faktori mpaka damu ikawa kubwa, atakutana na dawa siku zile mbaya tu, na kwa dozi kubwa. Njia inayopendekezwa ni kinyume chake, dozi ndogo ya kinga kwa ratiba, mtoto akiwa mzima. Kwa nchi ambazo dawa ni haba mwongozo wa Shirikisho la Dunia la Hemofilia unakubali yuniti 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara mbili au tatu kwa wiki. Kwa kilo zake 11 hiyo ni kama yuniti 110 hadi 165, chini ya chupa moja ndogo ya 250. Kila yuniti moja kwa kilo inapandisha faktori 8 kwa takribani asilimia 2, kwa hiyo hata dozi hiyo ndogo inamtoa kwenye ukali kwa muda. Magoti yanapona, na mwili unaiona dawa ukiwa umetulia.

Je, ratiba hiyo inazuia inhibita? Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 uliona watoto waliokuwa kwenye kinga ya ratiba wamepungukiwa hatari kwa asilimia 60 kulinganisha na waliochomwa damu ikitoka tu. Mwingine wa mwaka 2013 ukaona faida hiyo baada ya siku ya 20 ya dawa, si kabla. Kwa hiyo sikuuzii kama dawa ya uhakika. Ila hata faida ya inhibita ingekuwa sifuri, goti la kaka yako linatosha kuwa sababu. Goti halikakamai kwa inhibita yenyewe, linakakamaa kwa damu iliyoingia ndani yake tena na tena.

Na hapa nimjibu mama mkwe kuhusu kuzoea. Inhibita si uchovu wa mwili kwa dawa iliyotumika miaka mingi. Ingekuwa hivyo ingewapata wazee, kumbe inawapata zaidi watoto wa umri wa Swaleh. Kaka yako inawezekana kabisa siku zake 50 hazikutimia hadi ukubwani, kwa sababu utotoni chupa za faktori hazikuwepo, ni plazima tu.

Lakini kuna jambo moja kwa kaka yako ambalo ni zito, na lazima daktari wa Swaleh alijue. Inhibita inakwenda na ukoo. Aina ya hitilafu kwenye jeni ndiyo inayoamua hatari kuliko chochote. Pale ambapo kipande kikubwa cha jeni hakipo kabisa, wengi huipata. Mwanao na mjomba wake wana hitilafu ile ile. Juu ya hapo, tafiti zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Kiafrika huipata karibu mara mbili ya Wazungu. Hayo mawili huwezi kuyabadili. Unachoweza ni kuhakikisha yameandikwa kwenye faili lake kwa kalamu nyekundu: mjomba upande wa mama, ana inhibita. Nashangaa ni mara ngapi wazazi hawaulizwi hilo, na wao wakiona hawajaulizwa wananyamaza.

Mtaulizwa pia aina ya faktori, au mtaulizana wenyewe. Kuna inayotengenezwa kutokana na plazima ya watu na kuna inayotengenezwa maabara. Mwaka 2016 kulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 14, Afrika ikiwemo, kwa watoto 251 waliokuwa wanaanza tiba. Waliopewa ya plazima, asilimia 26.8 walipata inhibita; waliopewa ya maabara, asilimia 44.5. Tofauti hiyo si ndogo, na kwa mtoto mwenye historia kama ya Swaleh ni halali kabisa kumuuliza daktari. Ya plazima siku hizi husafishwa virusi kiwandani, si kama ile ya kabla ya katikati ya miaka ya 1980 iliyowaambukiza watu Ukimwi. Pamoja na hayo, tuseme ukweli wa Uganda: sehemu kubwa ya faktori tunayotumia ni msaada unaopita kwenye Shirikisho la Dunia la Hemofilia, na tunachoma kilichofika. Usikatae chupa iliyopo kwa kusubiri chupa unayoitaka. Iandike tu.

Kupima. Mwongozo unataka mtoto mpya apimwe inhibita angalau kila baada ya miezi 6 hadi 12, na vituo vingine hupima kila baada ya siku 5 za dawa hadi afike 20, halafu kila siku 10 hadi 50. Apimwe pia kabla ya upasuaji wowote, baada ya kuchomwa mfululizo, na wakati wowote dawa ikionekana haina nguvu. Dalili kwako nyumbani ni moja: dozi ile ile iliyokuwa inamaliza uvimbe sasa haiumalizi. Hataanza lazima kutokwa damu mara nyingi zaidi, ila itakuwa ngumu kukata.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Wanachanganya plazima ya mtoto na plazima ya mtu mzima wa afya, nusu kwa nusu, wanaiweka kwenye joto la mwili, nyuzi 37, kwa saa mbili, kisha wanaangalia inaganda baada ya muda gani. Kama tatizo ni upungufu wa faktori tu, ile nusu ya mtu mzima inatosha kurekebisha. Kama hairekebishiki, kuna kitu ndani kinaizima. Baada ya hapo ndipo wanapima ukali wake kwa kizio kinachoitwa Bethesda. Chini ya 5 ni ndogo, nyingine hutoweka yenyewe au hushindwa kwa kuongeza dozi. Ikizidi 5, kuongeza faktori 8 ni kumwaga maji mchangani, na ndicho kilichompata kaka yako. Mkienda Kampala, uliza kabla ya kusafiri kama vitendanishi, yaani dawa za maabara za kipimo hicho, vipo wiki hiyo. Ni safari ndefu ya kwenda kuambiwa njoo mwezi ujao.

Ikitokea, hujafungiwa mlango. Zipo dawa zinazopita kando ya faktori 8, mojawapo ni faktori 7 ya maabara. Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili kwa kuchoma faktori 8 kila siku au karibu kila siku, miezi hata miaka. Inawafaa wengi, ila inakula dawa ambayo kwetu ni vigumu kuipata. Na ipo emisizumabu, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kwa wenye inhibita na mwaka 2018 kwa wasio nayo. Hii si faktori. Inachomwa chini ya ngozi, haitafuti mshipa, kila wiki au kila wiki mbili au nne, na inafanya kazi ya faktori 8 bila kufanana nayo, kwa hiyo inhibita haiitambui. Kwa mtoto kama Swaleh uzuri wake ni kwamba damu zinapungua sana, na kwa hivyo zile siku za kuchomwa faktori kwa dharura zinapungua pia. Haiondoi haja ya faktori akigongwa kichwa au akifanyiwa upasuaji. Nayo iko kwenye msaada wa Shirikisho kwa nchi zenye uhitaji, basi uliza Mulago na uliza chama cha wenye hemofilia cha Uganda kama kuna orodha, na jina la mtoto liingie sasa. Akianza kuitumia, kila maabara na kila daktari aambiwe, kwa sababu inadanganya kipimo cha kawaida cha kuganda, na mojawapo ya zile dawa za kupita kando, ile ya mchanganyiko wa faktori kadhaa, ikichomwa kwa wingi pamoja nayo imewahi kuleta mabonge kwenye mishipa midogo.

Saladi! Jirani yako hakuzua, ila kasikia nusu. Mtafiti Henry Daniell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliingiza jeni ya faktori ya binadamu ndani ya mimea ya saladi, wakayakausha majani, wakayasaga unga na kuwalisha panya na mbwa wenye hemofilia ili kinga ya utumbo iizoee faktori kabla ya kuchomwa. Kwa wanyama ilitoa matumaini. Majani ya sokoni Arua hayana faktori yoyote ndani yake. Mpe mtoto kama mboga, yaoshe kwa maji safi, lakini asikose dawa kwa sababu yake.

Chanjo zake asiache hata moja. Chanjo hazileti inhibita. Mwambie tu mchanjaji mapema kwamba mtoto ana hemofilia, atumie sindano nyembamba kabisa, chini ya ngozi pale chanjo inaporuhusu, na mbonyeze mahali hapo kwa dakika 10 bila kusugua. Sindano nyingine za paja au tako, kama ile ya zahanati, zikataliwe. Homa na maumivu ni panadoli, si aspirini wala ibuprofeni.

 

Mdogo wako sasa. Kwa kuwa mama yenu alizaa mtoto mwenye hemofilia na wewe pia umebeba jeni hiyo, naye ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa ameibeba. Kama ameibeba na mimba ni ya kiume, mtoto ana nusu nyingine. Apimwe faktori 8 yake mwenyewe mapema, na tena karibu na kujifungua: ujauzito huipandisha, kisha inashuka baada ya kuzaa, na hapo ndipo mama anaweza kuvuja damu kuliko kawaida. Ajifungulie hospitali kubwa, si kituo cha afya cha karibu. Kwenye kadi yake ya kliniki iandikwe wazi: mtoto asivutwe kwa vakiyumu wala koleo, damu ya kitovu ichukuliwe ipimwe, asitahiriwe wala kuchomwa sindano ya paja kabla ya majibu bila ushauri wa daktari wa damu. Kichwa cha mtoto mwenye hemofilia kikivutwa kwa vakiyumu kinaweza kuvujia ndani, na matibabu yake ni faktori nyingi, mfululizo, kuanzia siku ya kwanza ya maisha. Umeshajua kwa nini sitaki aanze hivyo. Bado ana miezi mitatu, muda upo wa kuonana na wakunga na kuwaambia kabla uchungu haujaanza.